Milango Miwili Isiyo na Nakshi

Nilifika Bagamoyo siku ya pili ya matanga ya wifi yangu Rukia. Kutoka Kiwangwa si karibu kwa mtu mwenye magoti kama yangu, na mazishi hayamngoji bibi kizee. Nilipokwisha kuwapa mkono wafiwa na kulia nilivyoweza, nilifanya kama ninavyofanya katika kila msiba tangu ujana wangu: niliingia jikoni. Wanawake walikuwa wanachambua mchele na kukata vitunguu, na moshi ulikuwa umetanda hata hujui nani analia kwa nini. Mke wa mjukuu wa Rukia, mwanamke kijana anayeitwa Zuhura, alikwenda ukutani, akainua komeo la mti lililolala mbele ya milango miwili, akaifungua, akatoa chungu cha samli. Nikasimama pale pale na upawa mkononi. Ilikuwa milango ya mvule, imeingia weusi kwenye pembe kwa moshi wa miaka arubaini na zaidi, na michoro yake imefifia, lakini nilijua kila jani lilipoanzia na lilipokwishia. Zuhura akaniona ninavyotazama, akasema, "Bibi, unaipenda? Watu wanasema ililetwa kutoka Bara Hindi." Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, msibani, wanawake wakanigeukia kama niliyevuliwa ukaya kichwani. Nikawaambia, "Bara Hindi gani? Milango hii ililetwa na ujinga wangu mimi na ujinga wa marehemu, na hapana kitu nilichopata kukifanya duniani kinachonipa majivuno kama hicho."

Sitaeleza nilikuwa binti wa nani, maana habari za ukoo wangu hazina faida hapa. Inatosha kujua kwamba nilitoka Mkange, na kwamba mwaka ule, Wadachi wakiwa hawajaja bado na bendera yao, niliolewa na Salim, kaka yake Rukia, nikaletwa katika nyumba hiyo ya matanga, mtaa wa Dunda. Hatukukaa pamoja hata mwezi. Salim alikuwa akifuatana na misafara ya bara, na msafara wake uliitwa mapema. Asubuhi ya kuondoka alisimama uani, kanzu ameikunja kiunoni, akamwambia mama yake mbele yangu, "Mama, nakuachia huyu. Nikirudi utanieleza kama nimepata mke au nimepata mgeni." Alisema kwa mzaha, na mimi nikatazama chini kama inavyompasa bibi harusi. Lakini mama mkwe wangu, Bi Tatu, hakuwa mtu wa mzaha. Alilichukua neno lile akaliweka kama amana.

Jiko la Bi Tatu lilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba, chenye mafiga matatu, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, na katika ukuta wa ndani kidaka kikubwa ambamo kila kilichopikwa kiliwekwa. Siku hizi mngekiita kabati. Hakikuwa na mlango. Vyombo vilifunikwa kwa kawa, na kila kawa ya nyumba ile paka wa mtaa alikuwa ameshajua namna ya kuigeuza. Funguo za ghala, alikokuwa akiweka mchele na samli na asali, zilining'inia kiunoni kwa Bi Tatu mchana kutwa, nami nilisikia mlio wake kabla sijamwona mwenyewe. Kila asubuhi alinipimia mchele kwa kibaba, mkono wake juu ya mkono wangu, kana kwamba ningekimbia nao Mkange. Nilikuwa nasema, "Shikamoo, mama." Naye hujibu, "Marahaba," halafu huongeza, kwa sauti ya mtu anayesemea ukutani, "Watu wa porini mkono wao mpana." Nilimchukia, na leo nasema wazi kwamba nilimchukia, Mungu amrehemu.

Jambo lenyewe lilitokea siku ya hitima ya baba mkwe. Nilipika samaki, changu wa nazi, tangu alfajiri, nikampanga katika sinia, nikaliweka kidakani, nikaweka kawa, na juu ya kawa nikaweka jiwe la kusagia. Nikaenda kuoga. Niliporudi paka wawili walikuwa ndani ya kidaka, jiwe lipo chini, limevunja mtungi, na wageni wako barazani wanamalizia dua. Walikula wali mkavu na chachandu siku ile. Walikula kwa adabu, na adabu yao ndiyo iliyomuumiza Bi Tatu. Walipokwisha kuondoka alinijia, hakupaza sauti. "Mwanaidi," akaniambia, "mwanangu akirudi atakuta moja ya mambo mawili. Ama jiko lenye mwenyewe, au wewe uko kwenu Mkange. Sitamdanganya." Rukia alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alikuwa msichana wa umri wangu, mrefu kupita wanaume wengi wa mtaa, mikono yake mirefu hata akiokota kitu hakuinama sana. Mpaka siku ile tulikuwa hatujasemezana zaidi ya salamu. Jioni aliketi kando yangu kwenye mkeka tukichambua mchicha, akaniambia, "Wifi, tatizo si wewe. Tatizo ni tundu lile. Tulitie milango."

Kusema ni rahisi. Bagamoyo ya siku zile ilikuwa mji wa milango, na ndiyo iliyotutesa. Kila tajiri wa pembe za ndovu alitaka mlango wa mbele unaomtisha mgeni, na mafundi walikuwa wakichonga minyororo na mitende na mayungiyungi tangu jua linachomoza. Sisi tulitaka milango miwili midogo, mitupu, isiyo na nakshi hata moja. Fundi wa kwanza tuliyemwendea alitusikiliza, akaweka patasi chini, akauliza kama mama zetu wanajua tuko wapi. "Mlango usiochongwa," akasema, "ukitoka hapa watu watauliza ni nani aliyeutoa uchi. Watatajiwa jina langu." Wa pili alisema atatuchongea, kwa bei ambayo hata Bi Tatu asingeitoa kwa ajili ya mlango wa mbele. Wa tatu hakujibu, alicheka tu, na wanafunzi wake wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Tulirudi nyumbani leso zimeloa jasho, Rukia anatukana mafundi wote na vizazi vyao. Mimi siku ile nilishikwa na ukaidi ambao haujaniacha mpaka leo. Kama mtu angeniletea milango yenye nakshi bure, naapa ningeikataa.

Aliyetusikia ni Fundi Alibhai, Mhindi Mwislamu aliyezaliwa pwani hii hii, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya maduka ya nguo. Huyu alikuwa na binti wa kuozwa, Sakina, na harusi ilikuwa karibu. Tulipokwisha kumweleza haja yetu alikuna ndevu, akauliza, "Kwa nini mitupu?" Nikamwambia ukweli: kwamba sina cha kumlipa ila kazi ya mikono yangu, na mikono yangu inajua kuchora hina, na piko ile nyeusi ya maharusi. Nikasema pia, kwa sababu nilikuwa mdogo na mwenye kiburi, "Nakshi nitaitia mwenyewe." Alibhai akanitazama, akaita mkewe aliyekuwa nyuma ya pazia. Mama Sakina akatoka, mwanamke mnene mwenye macho makali, akanipima kutoka utosini mpaka unyayoni. "Huyu wa Mkange anachora hina?" Nikamwomba kiganja chake. Nilikaa sakafuni katikati ya maranda ya mvule, nikamchorea ua moja na mzabibu unaopanda mpaka kwenye kidole cha shahada. Alikigeuza kiganja kwenye mwanga, akakigeuza tena, akamwambia mumewe kwa lugha yao maneno mawili au matatu. Alibhai akatabasamu. "Amesema nikupe milango kabla hujachukuliwa na wengine."

Basi nilichora mikono na miguu ya Sakina, na ya dada zake, na ya mashangazi zake waliokuja kutoka Unguja, siku tatu mfululizo, mgongo ukaniuma kama nimetwanga mtama wa mji mzima. Siku ya nne tulikwenda kupima. Na hapa ndipo nilipotaka kuwaeleza wale wanawake wa jikoni, maana ujinga wetu haukuwa wa mtu mpumbavu. Ulikuwa ujinga wa watu wa Bagamoyo. Nyumbani nilikuwa nimekipima kidaka mwenyewe, kwa mkono wangu, kiwiko mpaka ncha ya kidole, nikapata dhiraa mbili upana na dhiraa mbili kimo. Mkono wangu ni mfupi, kama mnavyouona. Lakini mji ule wote ulikuwa mji wa nguo, na kila mtoto wa Bagamoyo alijua kwamba ukienda dukani kununua kaniki au marekani huendi na mkono mfupi. Unamchukua ndugu yako mwenye mkono mrefu kuliko wote, anyooshe dhiraa zake, muuzaji anune, nawe urudi umefaidi. Kwa hiyo Fundi Alibhai aliponyoosha ubao na kuuliza, "Dhiraa ya mkono wa nani?" tulitazamana tukacheka kwa furaha ya wajanja. Rukia akakunja leso, akaulaza mkono wake ule mrefu juu ya mvule, akaunyoosha mpaka bega likamtoka. Alibhai akatia alama. "Mna hakika?" akauliza. "Hakika kabisa, fundi," Rukia akajibu. "Usitupunje."

Milango ilikuja siku moja baada ya alasiri, imebebwa na wachukuzi wawili, na habari ya Salim ikaja saa ile ile. Mtu alipita mlangoni akasema msafara wao umeshafika ng'ambo ya Ruvu, watapumzika, watafua nguo, na kesho kutwa asubuhi wataingia mjini kwa ngoma na bunduki. Tukainua milango, tukaipeleka kidakani, na milango ikakataa. Ilizidi upana, ilizidi kimo, ilisimama mbele ya tundu kama wageni wanaojua wamekosea nyumba. Rukia akasukuma. Mimi nikasukuma. Bi Tatu akatokea, mlio wa funguo kwanza, kisha yeye, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile nikamwona akicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hii ni ya msikiti!" akasema. "Mwanaidi, umeniletea milango ya msikiti, niiweke wapi mimi?" Halafu akajifuta machozi na uso wake ukarudi kama ulivyokuwa. "Kesho kutwa," akasema, akaondoka. Nilikaa juu ya kinu. Rukia alinyoosha mkono wake, nami nikanyoosha wangu kando ya wake, tukaona. Wake ulizidi kwa upana wa vidole vinne. Halafu Rukia akaanza kulia, akasema, "Nimekufukuzisha, wifi," na hapo nikajua kwamba katika mwaka ule nilikuwa nimepata ndugu.

Asubuhi tulikuwa kwa Alibhai kabla hajafungua. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kicheko, kwa lolote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mlitia nakshi?" Nikasema bado. Akapiga paja. "Basi unalia nini? Ingekuwa imechongwa ningekwambia kaichome kuni. Mlango wenye mnyororo pembeni ukiukata umekata mnyororo, maua yanabaki nusu, hapana fundi anayeweza kuurudisha. Lakini mlango mtupu, mwanangu, ni ubao tu. Unaukata popote." Alitamani wale mafundi watatu wangekuwepo wasikie, nami pia. Akachukua msumeno na randa, akatufuata mwenyewe mpaka Dunda. Safari hii alinipima mimi. Niliulaza mkono wangu mfupi juu ya mvule na sikuuona mfupi hata kidogo. Akakata juu, akakata ubavuni, akapiga randa, akatia bawaba, na milango ikaingia kidakani kwa sauti moja, ndogo, ambayo bado naisikia. Kipande kirefu alichokiondoa ubavuni mwa mlango mmoja, chenye upana wa vidole vinne, alikigeuza mkononi. "Hiki kinatosha komeo," akasema, akakilaza mbele ya milango yote miwili, akatengeneza mahali pa kukikalisha.

Siku iliyobaki niliifanya kazi niliyojisifia. Majani ya msasa yanayokwaruza kama ulimi wa paka yanajulikana sana na watu wa kwetu, na Rukia alikuwa amenunua kapu zima kutoka kwa wanawake wa shamba. Tukasugua mvule mpaka ukawa kama shavu. Kisha nikakoroga piko, nikachora. Mti mtupu unakunywa rangi. Kila mstari ulizama na kubaki. Nilichora mzabibu ule ule wa kiganja cha Mama Sakina, nikaupandisha kutoka chini ya mlango wa kushoto, ukavuka katikati, ukateremka kwa mlango wa kulia, na ndani yake nikatia maua ambayo hayako popote duniani. Baada ya adhuhuri nilisikia funguo. Sikugeuka, maana mstari wa piko haukungoji. Bi Tatu alisimama nyuma yangu muda mrefu. Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akakaa mkekani kwa tabu, akachukua jani la msasa, akaanza kusugua sehemu ya chini karibu na bawaba. "Hapa mmepasahau," akasema. Tulifanya kazi watatu mpaka magharibi bila maneno mengine, na mwishoni tulipaka mafuta ya ufuta, jiko zima likanukia.

Najua mji ule uliona mambo mengine mwaka ule. Niliwaona watu waliofungwa shingo kwa shingo wakipita njia ile ile aliyopita mume wangu, na sitajifanya sikuwaona. Hayo nitayajibu pamoja na wote walionyamaza. Lakini hadithi hii ni ya milango, na asubuhi ya msafara kuingia niliamka nikiwa na furaha isiyo na doa. Nilipika changu wa nazi, samaki yule yule, makusudi. Nikalipanga sinia kidakani bila kawa, nikafunga milango, nikalaza komeo. Bunduki zililia upande wa njia ya bara, ngoma ikakaribia, na Salim akaingia uani akiwa mwembamba na mweusi kwa jua, kanzu mpya imemkaa kama ya kuazima. Aliubusu mkono wa mama yake. Aliniona mimi akatabasamu, kisha akakumbuka neno lake mwenyewe. "Haya mama," akasema, na watu wote waliomsindikiza wanasikia, "nieleze. Nimepata mke au nimepata mgeni?"

Bi Tatu alituongoza jikoni wote, Salim, Rukia, mimi, na majirani nyuma yetu. Paka wawili walikuwa wameketi mbele ya kidaka, wamekodolea macho mzabibu wangu, wanalia kwa uchungu kama wamefiwa. Salim akaigusa milango. "Nani fundi?" akauliza. Mama yake akafungua mkufu wa funguo kiunoni, ambazo hakuwa amezivua tangu ajaliwe kuzivaa. Akazitia mkononi mwangu mbele ya wote. "Mambo ya jiko muulize mwenyewe," akamwambia mwanawe. "Hapa mimi ndiye mgeni." Watu wakapiga vigelegele. Rukia alipiga kirefu kuliko wote, na mimi nilizishika funguo zile kwa mikono miwili, nikajikaza nisilie, nikashindwa, nikalia huku nikigawa samaki.

Nikawaeleza hayo yote wanawake wa matangani, na vitunguu vikaisha bila mtu kuona. Salim alikufa zamani, nami nilihamia kwa mwanangu Kiwangwa. Rukia akabaki na nyumba. "Bibi," akasema Zuhura, "mume wangu alitaka kubadili lile komeo, atie la chuma. Marehemu alikataa kabisa. Alikuwa akisema ule ni mkono wake. Tulidhani ni maneno ya uzee." Nilinyanyuka, nikaliinua komeo, nikalilaza juu ya mkono wangu, nikapima upana wake. Vidole vinne kamili, yaani kile alichonizidi. Ubao ule ulikuwa umefunga jiko langu na jiko lake miaka yote hiyo, na hakuna paka aliyewahi kupita. Nikairudisha milango, nikalitia komeo mahali pake. Likaingia bila kusukumwa.